Udongo Chini ya Kucha za Yusra

Munje ni kijiji ambacho ukipiga chafya asubuhi, adhuhuri watu wa Msambweni wanakuuliza kama umepona. Habari haikai. Ndiyo maana watu walimstaajabia Mwanapili binti Chirau. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa ndiye mwosha maiti wa wanawake wa kijiji hicho, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akitoa neno moja la yale aliyoyaona. Wajuvi walimjaribu. Harusini wangemkalia karibu, wakamtilia chai ya pili, wakaanza kwa mbali: "Ati marehemu fulani, mama, alikuwa na…?" Mwanapili angeinywa ile chai yote, akashukuru, akasema, "Alikuwa na nuru usoni, alhamdulillahi," kisha akajifunga leso yake akaenda zake. Kila maiti wa Munje alikuwa na nuru usoni, hata wale ambao walipokuwa hai sisi wenyewe hatukuwahi kuiona.

Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake, aliyemrithisha kazi hiyo. Mwosha huoshwa, bibi alimwambia. Siku moja na wewe utalazwa hapo ukimiminiwa maji na hutakuwa na mkono wa kujifunika, kwa hiyo uyaonayo yafunike. Ukitoka nje sema la kheri, na kama la kheri hulioni, litafute.

Miaka mitatu iliyopita, wiki moja baada ya Idi, alilazwa mbele yake Yusra, mwanawe.

Yusra alikuwa akifua shuka na taulo katika hoteli moja ya Diani, kibarua cha kulipwa mkononi, bila barua wala karatasi. Kila jioni alishuka kwenye steji ya barabara kuu ya Lunga Lunga, na mumewe Swabir, mwendesha bodaboda, alikuwa akimngoja pale amlete nyumbani. Siku ile Swabir alipata abiria mwenye magunia mawili ya nazi, akampeleka mbali kuliko walivyopatana, akakawia. Alipofika stejini hakumkuta mtu. Akadhani mkewe amepata msaada wa gari. Nyumbani hayuko, kwa mama yake hayuko, simu yake imezimika. Akarudi barabarani akatafuta na taa ya pikipiki, akapita palepale mara mbili asione kitu. Kulipopambazuka ndipo alipomwona, ng'ambo ya mtaro, upande wa njia iendayo nyumbani, ndani ya nyasi ndefu. Kwenye lami, hatua kama thelathini kutoka pale, palikuwa na vipande vya taa na kiatu chake kimoja. Watu wakasema gari lilikuwa na kasi, limemrusha hata huko.

Polisi walikuja, wakapima, wakaandika. Wakasema mwili upelekwe hospitali upasuliwe, ijulikane amekufaje. Wazee wakakataa. Kufa amekwisha kufa, walisema, mnataka kumjua nini tena kwa kisu? Swabir akatia sahihi barua ya kuomba mkewe azikwe bila kupasuliwa, na kabla ya laasiri Yusra alikuwa kaburini. Hatukuona kosa lolote. Ndivyo tunavyozika, na maiti hacheleweshwi.

Wanawake walimwambia Mwanapili, "Leo si kazi yako, mpishe mwingine." Alikataa. Mtoto niliyemwosha siku ya kwanza, alisema, nitamwosha na ya mwisho. Akaingia na wifi yake mzee wa kummiminia maji, ambaye macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, haoni zaidi ya kata aliyoishika. Kwa hiyo aliyeona ni Mwanapili peke yake.

Aliona udongo chini ya kucha. Udongo mwekundu, umesukumwa ndani hadi nyama, mikono yote miwili. Viwiko vilikuwa vimechunika na magoti vilevile. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefumba, akakifungua kidole kimoja kimoja, akakuta nyasi zilizong'olewa na mizizi yake. Mwanapili alikuwa ameosha watu wengi, hakuhitaji kuelezwa. Mwanawe hakurushwa na gari hadi pale. Mwanawe alitambaa.

Akachukua kijiti, akakizungushia pamba, akausafisha ule udongo ukucha baada ya ukucha, kwa maji ya uvuguvugu, kama alivyokuwa akimsafisha akiwa mdogo amerudi kucheza. Hakulia. Mwosha akilia, maji huenda ovyo. Alipomaliza akafungua mlango, na Swabir alikuwa amesimama pale pale kizingitini, macho mekundu, akamshika mkono.

"Mama, niambie. Aliteseka?"

"La, mwanangu," Mwanapili akajibu. "Alikwenda mara moja. Ana nuru usoni."

Swabir akashusha pumzi ndefu, akakaa chini akalia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Gari lilipatikana baada ya miezi mitatu. Karisa, fundi wa gereji moja ya Ukunda, aliwaambia polisi kwamba siku ya pili ya msiba ule alibadilisha taa ya gari jeupe, na kwenye taa iliyovunjika palinasa nyuzi nyeusi za baibui, akaiweka ile taa maana roho haikumkaa sawa. Gari lilikuwa la Chengo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Chengo alikubali kosa, akatozwa faini, akanyang'anywa leseni kwa muda, akarudi dukani kwake kuuza misumari.

Ilibaki fidia. Swabir aliitaka kwa ajili ya Ummi, binti yao, aliyekuwa na miaka sita. "Mimi sitaki shilingi ya damu ya mke wangu mfukoni mwangu," alisema. "Lakini huyu mtoto asome. Asije naye akafua shuka za wageni, akitembea barabarani usiku." Akapata wakili, Rispah, mwanamke wa Samburu huko Kinango, mrefu, msema pole pole, mwenye ofisi juu ya duka la simu pale Ukunda. Siku moja Rispah aliwaita wote wawili.

"Shikamoo, mama. Nitawaeleza bila kuwazungusha," alisema. "Kampuni ya bima inatupa kidogo sana, na inataka tutie sahihi upesi. Inasema marehemu hakuwa na kazi ya kuandikwa, hana hati ya mshahara. Hilo nitapambana nalo. Lakini la pili ni gumu. Wanasema alirushwa hatua thelathini, kwa hiyo alikufa papo hapo, hakuonja maumivu, na hata kama dereva angesimama, asingesaidia kitu. Tungekuwa na ripoti ya daktari ingetuambia. Hatuna. Mtu wa pekee aliyeuona mwili wake wote ni wewe, mama."

Mwanapili akatazama mikono yake. Kabla hajafunua kinywa, Swabir akajibu kwa niaba yake.

"Hapo wanasema kweli, wakili. Mama aliniambia siku ile ile. Alikwenda mara moja."

Rispah alimtazama yule mama, na nadhani aliona jambo, maana mawakili hulipwa kwa kuona. "Basi," alisema mwishowe, "nitakuita mahakamani hata hivyo, mama. Utakuja na lile ulilonalo."

Mwanapili alitafuta kisingizio. Alikwenda kwa Ustadh Amin akamwuliza kama inafaa mwosha kutoa siri ya maiti, na moyoni alikuwa akiomba aambiwe haifai. Ustadh alifikiri, akamwambia, "Siri unayotakiwa kuificha ni aibu ya maiti, bi Mwanapili. Kudhulumiwa si aibu yake. Ni aibu ya aliyemdhulumu. Na hapo kuna haki ya yatima." Basi akarudi nyumbani amenyimwa mlango wa kutokea.

Mkwewe alimkuta barazani alasiri hiyo akimenya muhogo. Swabir alikaa chini, akachukua kisu cha pili, wakamenya pamoja. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Mama, kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile alinipigia simu. Mara tatu. Mimi niko juu ya pikipiki, simu iko ndani ya koti, upepo na kelele, sikusikia. Ya kwanza ilikuwa saa moja na robo. Ya mwisho saa mbili kasorobo. Nilipoziona nikampigia, nikakuta imezimika."

Mwanapili akaacha kumenya.

"Nilipomkuta asubuhi, nilidhani nitapata wazimu. Nikisema, labda alinipigia akiwa kwenye zile nyasi. Labda alikuwa akiniita na mimi napita. Ndiyo nikakungoja pale mlangoni, mama. Uliponiambia alikwenda mara moja, nikajua alinipigia akiwa mzima, amesimama stejini, amenikasirikia kwa kumchelewesha. Unamjua alivyokuwa akikasirika." Akacheka kidogo, cheko la mtu anayemkumbuka mtu. "Akachoka kuningoja akaamua kutembea, gari likamkuta baadaye. Neno lako ndilo linalonilaza, mama. Mungu akulipe."

"Amin," Mwanapili akasema, na kile kisu kikamkata kidole.

Wiki tatu zilizobaki kabla ya kesi hakulala usingizi wa kutosha kujaza kijiko. Akisema kweli, anamzika mkwewe akiwa hai, na mkwewe ndiye baba wa pekee aliyebaki kwa Ummi. Akinyamaza, Ummi anapokonywa haki yake, na yule bwana wa misumari anaambiwa na serikali kwamba hata angesimama isingesaidia kitu. Alimuuliza Mungu. Alimuuliza marehemu bibi yake. Wote walimwachia mwenyewe. Kilichomsumbua zaidi ni zile hatua thelathini. Alizihesabu kitandani. Mtoto amevunjika, amezipiga moja moja kwa viwiko, gizani, anakuja. Na yeye mamake amemwosha ule udongo, akauambia ulimwengu hakuna udongo.

Mahakama ya Kwale iko juu kilimani, na siku ile kulikuwa na watu wengi na feni moja. Mwanapili aliapishwa kwa msahafu. Rispah akamwuliza jina, akamwuliza kazi, kisha akamwuliza tu, "Mama, uliona nini?"

Mwanapili akamtazama Swabir, aliyekaa benchi la mbele, amevaa kanzu ya Idi.

"Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "naomba mkwe wangu atoke nje."

"Kwa nini?" hakimu akauliza kwa upole.

"Nitasema jambo sitaki alisikie."

Hakimu akamtazama Swabir. Swabir akatikisa kichwa. "Mimi ni mume wake. Nitakaa."

Basi Mwanapili akasema. Alisema udongo, akasema ulikuwa mwekundu na ulikuwa mikono yote miwili. Alisema viwiko, magoti, na baibui lililolika mbele likawa kama wavu. Alisema nyasi zilizokuwa kiganjani na jinsi alivyofungua vidole. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kusema, na sasa alisema kama anavyoosha, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kuacha kiungo. Hakuthubutu kutazama benchi la mbele.

Wakili wa bima akasimama, kijana nadhifu, viatu vinang'aa.

"Mama, wewe ni daktari?"

"La, baba."

"Umesoma hadi wapi?"

"Madrasa. Na darasa la nne."

"Huenda ule udongo uliingia alipoanguka kwa kishindo?"

"Anayeanguka huchubuka, baba. Hachimbi. Maiti hachimbi."

Yule kijana akapekua karatasi zake. "Hapa imeandikwa, katika maelezo ya mkwe wako, kwamba ulimwambia alikufa mara moja. Basi ulisema uongo siku ile, au unasema uongo leo, kwa kuwa leo kuna pesa?"

"Siku ile," Mwanapili akajibu. "Siku ile nilisema uongo. Alikuwa mlangoni anataka kuanguka, nikampa cha kushika. Leo nimeapa. Na nimeona kwamba nikiurudia uongo ule, nitakuwa nimemwacha mwanangu kwenye nyasi kama alivyoachwa na mwenye gari."

Alirudi kwenye benchi akakaa mbali na Swabir, mwisho kabisa, karibu na mlango. Ikawa zamu ya Chengo. Alikuwa mnene mwenye haya, jasho linamtoka. Alisema aliogopa. Alisema alisikia kishindo tu, akadhani aliyegongwa amekwisha kufa, akaogopa watu watamchoma moto. Rispah akamwuliza ilikuwa saa ngapi. Chengo akajibu bila kufikiri, maana hakujua kuna lolote ndani ya swali hilo. "Saa moja kamili. Nakumbuka kwa sababu redioni taarifa ya habari ilikuwa ndiyo inaanza."

Swabir akasimama.

Hakuitwa na mtu. Askari wa mahakama akampungia mkono akae, naye kama hakumwona. Alitia mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa simu, simu ile ile kuukuu yenye ufa, ambayo kwa miaka miwili hakutaka kuibadilisha na sisi tukidhani ni ubahili. Akainyoosha mbele ya hakimu kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa," akasema, "mke wangu alinipigia. Saa moja na robo, na saa moja na nusu, na saa mbili kasorobo. Zimo humu. Sikuzifuta." Kisha akaongeza, "Alikuwa akiniita."

Rispah akaomba Swabir apandishwe kizimbani, na hakimu akakubali, na simu ikaandikwa kuwa kielelezo. Chengo alikuwa amefunika uso kwa mikono. Wakili wa bima hakuuliza swali.

Hukumu ilitoka baada ya miezi minne, na bima ililipa, na fedha ziliwekwa katika akaunti yenye jina la Ummi hadi atakapokuwa mtu mzima. Watu wa Munje walikuja kupongeza. Walikuta nyumba mbili zisizo na la kusema, wakanywa chai yao wakaondoka. Mmoja wao alisema njiani kwamba wale watu hawana shukrani. Mtu huyo hajui lolote, na si mara yake ya kwanza.

Swabir hakumlaumu mkwewe. Afadhali angemlaumu, maana lawama hujibiwa. Aliendelea kumletea samaki siku ya Ijumaa, aliendelea kumwamkia shikamoo mama, na Ummi bado alilala kwa bibi yake siku za kazi. Lakini alikonda. Na kuna jambo lilimwingia ambalo abiria wake wote wanalijua, wengine hulitania: simu ya Swabir hailii mara mbili. Ikitikisika tu, hata kama yuko katikati ya barabara na mzigo nyuma, husimama pembeni akapokea. Koti hana tena. Simu huifunga kifuani kwa kamba.

Mwanapili aliacha kuosha maiti mwaka huo. Alisema mikono imechoka. Wanawake walimwambia nani atatuficha sisi, naye akasema watafute mwenye kinywa kizima, chake kimetoboka.

Jana Ummi alitaka mandazi, na unga ulikuwa umekwisha. Magharibi ilikuwa ndiyo inaingia. Mwanapili akachukua simu akampigia Swabir amwambie apitie dukani. Hakuwahi kumpigia saa kama hiyo, na kama angefikiri kidogo asingepiga. Simu haikumaliza mlio wa kwanza. Alisikia upepo, na injini inazimwa, na pumzi kama za mtu anayekimbia.

"Nimekusikia," Swabir akasema kabla hajaulizwa neno. "Nimekusikia, niko njiani, nakuja. Uko wapi?"

Mwanapili akatazama bakuli tupu lililokuwa mbele yake. Akalisukuma kando, la unga akaliacha.

"Niko nyumbani, mwanangu," akasema. "Njoo pole pole."